Kuruka na paraglaida vilima vya Bangwe na Katonga, Kigoma: tuongelee upepo kwanza

KonaYaBangwe:
Wakuu salama? Nimechoka kujibu inbox moja moja kwa hiyo naweka yote hapa, mwenye swali aulize humu humu na wengine wasome.

Kwanza hii kitu haihitaji ndege. Paraglaida ni bawa la kitambaa na kamba, halina fremu yoyote, linakunjwa linaingia kwenye begi la mgongoni. Unasimama kwenye mteremko, unalitandika, unalivuta lijae upepo, unakimbia hatua chache miguu inaacha ardhi. Ndugu yake ni hengiglaida, ile yenye mabomba ya aluminiamu, rubani analala kifudifudi ananing'inia chini ya bawa kashika fimbo. Zote hazina injini. Ukipanda juu ujue hewa ndo imepanda na wewe umo ndani yake.

Sasa swali la kila mtu, je Kigoma panafaa? Panafaa, ila sio kwa sababu mnazotaja. Wengi mnaniambia "milima ya kwetu mirefu". Urefu wa mlima sio habari. Torrey Pines kule San Diego ni mwamba wa kama mita 100 tu juu ya bahari, na watu wanaruka pale toka enzi za glaida za mbao, Charles Lindbergh mwenyewe, yule rubani maarufu wa Marekani, aliruka maeneo yale 1930. Fort Funston ya San Francisco ni kifupi zaidi ya hapo na hengiglaida zinakaa hewani hadi rubani anashuka kwa njaa. Siri yao ni moja, upepo unatoka baharini unagonga ule ukuta wa mlima uso kwa uso, hauna pa kwenda, unapanda juu. Paraglaida inashuka kama mita 1.1 kila sekunde kwenye hewa iliyotulia, kwa hiyo hewa ikipanda kuzidi hapo basi unabaki juu, unaenda na kurudi sambamba na mlima mpaka upepo ukate.

Vilima vyetu vya Bangwe na Katonga vinatazama ziwa, na ziwa kwetu liko magharibi. Kwa hiyo upepo tunaoutaka ni wa kutoka ziwani. Huo upo, jua likishachoma nchi kavu hewa ya juu ya ardhi inapanda na ya baridi ya ziwani inakuja kujaza nafasi, ndo maana mchana ukikaa ufukweni unapigwa na kaupepo usoni. Tatizo linakuja kiangazi, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, kwa sababu ule upepo mkubwa wa msimu unatoka kusini mashariki. Yaani unatoka NYUMA ya kilima. Na huo ndo watu wanauona wanasema "leo upepo upo, twende".

Huo upepo ndo muuaji. Ukivuka kilima kutoka nyuma unaanguka upande wa ziwa unajiviringisha, sisi tunaita rota. Ukisimama pale juu unaweza kuhisi kabisa kaupepo kanakuja usoni ukadhani ni cha ziwa, kumbe ni kale kanakojizungusha. Bawa linajaa vizuri, unakimbia, unatoka mita kumi na tano unaingia kwenye hewa inayoshuka, nusu ya bawa inajikunja, na chini yako ni mawe.

Nikipata muda nitaongeza mambo ya maji maana hayo nayo ni somo. Karibuni.

MwanaKibirizi:
Nipo siti ya mbele.

BibiMgebuka:
Kigoma hii hii mtu aonekane anaelea juu ya nyumba za watu? Haya mwanangu, ukidondoka Gungu saa kumi na moja alfajiri usiseme ni michezo, utaambiwa ungo umeishiwa chaji 😂😂

KonaYaBangwe:
Bibi shikamoo, umecheka lakini umegusa kitu cha kweli kabisa. Kabla sijaruka sehemu yoyote mpya naenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji, natandika bawa mchana kweupe uwanjani, watoto wanalishika, wazee wanauliza maswali yao yote. Siruki alfajiri, siruki jioni ya giza. Na sio wanakijiji tu, Kigoma ni mpakani, una bandari, una Burundi hapo juu na Kongo ng'ambo, kitambaa chekundu kikitokea angani bila taarifa kuna watu wa usalama watataka kujua wewe nani na wana haki ya kuuliza hivyo. Af uwanja wa ndege uko karibu na mji, ndege za abiria zinashuka, kwa hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga lazima wajue na mnara ujue siku gani mko wapi na urefu gani. Msiruke kimya kimya mkatuharibia wote.

Mwakizega_Boy:
Mkuu mbona unasifia vilima vidogo wakati Gombe pale ni ukuta mtupu umesimama ziwani? Kile ndo kilima sasa. Kinapigwa na upepo wa ziwa mchana kutwa

KonaYaBangwe:
Ni kweli, ule ukingo wa bonde la ufa pale unatoka ziwani kwenye mita 770 hivi unapita mita 1,500 kwa vilele, kwa macho ya rubani ni kitu cha kutamanisha. Lakini ni hifadhi toka 1968, ni makazi ya sokwe, na pia angalia chini: msitu kwenye mabonde, mawe kwenye migongo, ufukwe mwembamba wa kokoto. Ukikosa hewa ya kukupandisha huna pa kutua ila juu ya mti au majini. Mimi binafsi hata ningepewa ruhusa leo nisingeenda. Kilima bila kiwanja cha kutua sio kilima cha kurukia.

MwanaKibirizi:
Mimi ni mvuvi, naomba niongeze hapo kwenye upepo. Usiku upepo unatoka nchi kavu unasukuma kwenda ziwani, ndo tunatoka nao na taa zetu za dagaa. Asubuhi unatulia, maji yanakuwa kama mafuta. Af kuanzia kama saa nne, tano hivi unageuka unatoka ziwani. Kiangazi sasa kuna siku haugeuki, ule wa kusini unashika toka asubuhi mpaka jioni na siku hizo hata sisi na mashine tunateseka. Ukiona asubuhi haikutulia hata kidogo, hiyo siku acha.

KonaYaBangwe:
Huyu ndo mtu. Nukuu hii mkaiweke ukutani: ukiona asubuhi haikutulia acha. Marubani wa nje wanalipia programu za hali ya hewa kujua kitu ambacho mvuvi wa Kibirizi anakijua akiwa anakung'uta nyavu.

Mimi nikifika juu simwangalii mtu, naangalia vitu vitatu vinne. Mapovu ziwani, ukiona meupe yametapakaa kila sehemu ujue upepo umeshafika kilomita 20 kwa saa au umepita, na kumbuka juu ya kilima unabanwa unakuwa mkali kuliko kule chini majini. Moshi, kiangazi watu wanachoma mashamba, moshi ukiegemea ziwani basi fungasha. Mwewe, wakikaa juu ya ukingo mabawa wazi bila kupiga hata mara moja hewa inapanda, wakiwa wanahangaika hewa imechafuka. Na nyasi za nyuma ya kilima, sio za mbele tu! Nafunga kautepe kwenye kijiti upande wa nyuma na kengine mbele. Vyote viwili vikielekea upande mmoja kutoka ziwani, sawa. Vikitazamana, hiyo ni rota, hamna mjadala.

Paraglaida ya kawaida ukiiachia breki (zile kamba mbili za mkononi za kuendeshea) inaenda kama kilomita 36 mpaka 38 kwa saa. Upepo ukiwa 35 maana yake umesimama hewani huendi popote, ukiongezeka kidogo unarudi kinyumenyume juu ya kilima mpaka upande wa pili ambako hewa inaanguka. Mwenye kuanza asiruke upepo ukipita 20, 22 hivi.

FundiCherehani_Mwanga:
Daah sasa mi nauliza kitaalamu, hicho kitambaa ni kitambaa gani? Nina cherehani nzuri na kuna turubai nimepata bei poa 😅

KonaYaBangwe:
Fundi nakuomba usijaribu. Ni nailoni maalum imefumwa na vijiuzi vizito vya mraba mraba ili ikichanika isiendelee, imepakwa dawa hewa isipite. Ukilipuliza kwa mdomo hewa haipiti. Jua ndo adui wake, ile miale inakula kitambaa, bawa lililozeeka ukilivuta linachanika kama karatasi. Ndani lina vyumba vyumba, midomo ya mbele iko wazi, upepo ukiingia linavimba linapata umbo la bawa la ndege, sasa vyumba vikipishana milimita kadhaa tu linavuta upande. Kamba zake nyembamba sana lakini moja ya zile kuu inabeba uzito wa mtu mzima na zaidi.

Ila kazi unayo. Begi, kiti, kufungua na kushona mikanda, vifuko vya redio, hivyo tunahitaji fundi. Kitambaa na kamba tuwaachie kiwanda.

Aside tu kwa wenye nyumba za huku kwetu: usihifadhi bawa chumba kimoja na dagaa. Panya wakishazoea harufu wanatafuna chochote kilicho karibu, na mende nao hawako nyuma.

Mwisho_wa_Reli_1914:
Mimi niko upande wa hengi. Paraglaida ni shuka mkuu tuseme ukweli, hewa ikikataa linajikunja. Hengi ina fremu, haijikunji, inakwenda kasi, upepo wa 35 yenyewe inapasua tu inaendelea. Na kwa mita moja ya kushuka inakwenda mbele kumi na tano wakati hilo lenu la kawaida ni nane, tisa. Mwaustralia John Dickenson 1963 alishaweka ile fimbo ya pembetatu mambo yakaisha, ninyi mmekuja baadae 1978 kule Mieussy Ufaransa na parachuti za watu wa kuruka kutoka kwenye ndege mkasema mmegundua kitu

KonaYaBangwe:
😂😂 Mzee wa reli historia umeipatia na hesabu umeipatia. Ila niambie hengi yako ya kilo 30 na urefu wa mita tano na nusu ikiwa imefungwa, unaifikishaje juu Bangwe? Bodaboda? Ukiipandisha juu ya basi toka Dar konda atakuchaji kama unahamisha bati za nyumba nzima. Na kutua? Hengi inataka kiwanja kirefu, inaingia kwa kasi, ukichelewa kuisimamisha pua inachimba. Mimi natua kwenye kipande cha mchanga kati ya mitumbwi miwili.

Mwisho_wa_Reli_1914:
Hapo kwenye usafiri umenipiga. Kutua tutabishana siku nyingine

Dada_Ujiji:
Samahani naomba kurudi kwenye maji maana mleta mada uliahidi af umekimbia. Mimi naogopa ziwa kuliko urefu. Ikitokea umeingia majini si unaelea tu na hicho kitambaa?

KonaYaBangwe:
Dada asante, hapa naomba wote msome taratibu.

Huelei. Watu wanaofia majini kwenye mchezo huu wengi hawakuumia hata kidogo wakati wa kutua, walikuwa wazima kabisa. Kiti chetu kina sifongo nene mgongoni au mfuko wa hewa wa kulinda uti wa mgongo. Sasa kwenye maji ile sifongo ndo inaelea, mgongo unakuja juu na uso unageuzwa chini, na wewe bado umefungwa mikanda mitatu. Bawa nalo linalala juu ya maji, midomo yake inakunywa, linakuwa zito, kamba zinakuzunguka miguu, na kadiri unavyopiga mateke ndo zinavyokaza. Ziwa lenyewe hili ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 pale penye kina zaidi, na kwetu sehemu nyingi ukitoka ufukweni hatua chache tu chini hupaoni.

Kwa hiyo: jaketi la kuokolea linavaliwa kabla ya kiti, na liwe la kujaza hewa linalovimba mbele, sio lile la boti lenye maboya mgongoni. Kisu cha ndoano cha kukatia kamba kinakaa mahali mkono wowote unafika. Ukiona hamna namna utaishia majini, legeza mkanda wa kifua mapema, kaa kwenye kiti, fungua na ya miguu ukiwa karibu kabisa, ukigusa maji toka ogelea UPANDE MMOJA mbali na bawa. Usiruke kabla. Juu ya maji macho yanadanganya, unadhani ni mita mbili kumbe kumi na tano.

Na boti. Kule Ölüdeniz Uturuki, wanakoruka kutoka mlima Babadağ wa karibu mita 2,000 mbele ya bahari, watu wanafanya mafunzo ya kulikunja bawa makusudi juu ya maji, lakini boti ya uokoaji iko chini muda wote injini tayari. Sisi mtumbwi wa mashine ukiwa ufukweni na mtu ndani, naruka. Ukiwa haupo, nakunja.

Uzuri wa upepo wa ziwani ni kwamba ukikosea mahesabu wenyewe unakurudisha nchi kavu. Ule wa kusini mashariki unakupeleka ndani. Na wale mnaotania kwamba mtatua Kongo bila pasipoti, ziwa lina wastani wa kilomita 50 upana, ukiwa mita 200 juu bawa zuri litakupa kilomita mbili, labda na nusu upepo ukikusukuma. Zilizobaki unaogelea.

Dada_Ujiji:
Aisee. Na mamba je

MwanaKibirizi:
Wapo dada, ila sio kila sehemu. Wewe ogopa kamba kwanza

EmbeDodo_Tbr:
Sisi wa Tabora tunafanyaje sasa, hatuna ziwa hatuna mlima, tuna maembe na asali tu 😭

KonaYaBangwe:
Tabora hamjakosa. Nyie mna jua na tambarare, hewa moto inapanda kutoka kwenye mashamba na paa za mji, ukiipata unazunguka ndani yake kama tai unapanda. Kinachokosekana ni namna ya kufika juu kwa mara ya kwanza, na hapo kuna winchi, ngoma ya kamba yenye injini inakuvuta uwanjani unafika mita mia kadhaa unaachia. Inataka mtu aliyefunzwa kwenye winchi, usifungwe kwenye Noah ya rafiki yako tafadhali. Vinginevyo nenda Kerio kule Iten Kenya, ukingo mrefu, watu wanatoka Ulaya kuja kuruka kuanzia Desemba mpaka Machi. Kujifunza ningekushauri ukajifunzie sehemu yenye mwalimu kama huko kabla hujafikiria Bangwe. Bangwe sio pa kujifunzia.

Mwakizega_Boy:
Huo msimu wa Desemba si ndo mvua huku kwetu? Kwa hiyo kiangazi upepo mbaya, masika mvua, tunaruka lini

KonaYaBangwe:
Swali zuri sana. Mwezi wa tisa mwishoni mpaka wa kumi ule wa kusini unaanza kulegea na jua kali, hapo upepo wa ziwa unatawala. Kiangazi chenyewe zipo siku, kama alivyosema mvuvi, asubuhi ikitulia. Na hata kipindi cha mvua kuna siku safi katikati, ila hapo adui ni wingu.

Wingu la radi likisimama upande wa Kongo msiseme "liko mbali". Linapomwaga mvua hewa baridi inaanguka chini inatawanyika pande zote, inaweza kukimbia makumi ya kilomita mbele ya wingu lenyewe. Ziwani unaiona kabla haijafika, maji yanabadilika rangi, mstari mweusi unakuja, mbele yake yanang'aa nyuma yake yamekunjamana. Ukiwa hewani ukaona huo mstari hutafuti kiwanja kizuri, unatua popote pakavu sasa hivi.

Na ukiwa chini ya wingu lenyewe ni kinyume chake, linakufyonza. 2007 Manilla, Australia, Ewa Wiśnierska alifyonzwa na wingu la radi mpaka mita 9,946. Huko ni juu kuliko Everest, bila oksijeni, barafu mwili mzima, akazimia, bawa likaendelea kuruka lenyewe mpaka akazinduka akatua mzima. Mwenzake aliyeingia wingu siku hiyo hiyo alifariki. Bingwa huyo, sio mimi na wewe.

Fuko_la_Mawese:
Bei mkuu. Hujataja bei makusudi

KonaYaBangwe:
Haha. Bawa jipya la daraja la kuanzia, yale yanaitwa EN-A, ni kama euro 2,500 mpaka 3,500, bado kiti, helmeti, parachuti ya akiba na jaketi. La mtumba linapatikana kwa nusu au chini ya hapo ila usinunue kwa picha, lipimwe kitambaa kama kinapitisha hewa na kamba zipimwe urefu na nguvu. Parachuti ya akiba nunua yenye historia inayojulikana, ikunjwe upya na mjuzi. Na usinunue bawa la bingwa kwa sababu ni rahisi, yale ya EN-D yanataka mikono iliyokomaa.

Au anza bila kununua. Nikija uwanjani njoo tu ujifunze kulisimamisha bawa ukiwa chini. Unageukia bawa, kamba zinapishana mbele yako, unavuta ile mikanda ya mbele taratibu linainuka kama ukuta, likifika juu ya kichwa unagusa breki lisikupite, unajisogeza chini yake, likienda kushoto unaenda kushoto. Mtu asiyeweza kulishika chini dakika kumi bila kuanguka huko juu anaenda kufanya nini?

FundiCherehani_Mwanga:
Hiyo ya chini nakuja. Lini?

KonaYaBangwe:
Jumamosi saa nne Katonga kama asubuhi itatulia. Vaa viatu vya kufunga kifundo na suruali, nyasi zimechomwa visiki vimebaki vikali na vinakamata kamba, kwa hiyo tukifika kazi ya kwanza ni kung'oa visiki, njoo na jembe. Kama kuna watakaoruka tukiwa wawili hewani sheria ni moja, mkikutana uso kwa uso mwenye kilima mkono wake wa kulia anaendelea, mwingine anampisha kwa kutoka nje ziwani. Na kugeuka ni kuelekea ziwani kila mara, usigeuke kuelekea mlima hata siku moja.

@MwanaKibirizi boti vipi?

MwanaKibirizi:
Boti ipo, nitakuwa nimerudi kuvua na kijana wangu atakaa ndani. Mafuta unaleta mwenyewe lita tano, na usinipe jioni kama wale wengine, nipe asubuhi.

Dada_Ujiji:
Mi nitakuja kuangalia. Nikiwa nchi kavu.